Mrututu Ulivyokula Mabirika ya Fundi Felisian

SUMBAWANGA, Juni 1995

Saa mbili asubuhi, upepo wa Ufipa bado unauma masikio. Katika kibanda kisicho na kuta mtaa wa Majengo, mjini hapa, Felisian Mwanakulya anakunja ukingo wa karai kwa nyundo ya mbao, koti lake limefungwa vifungo vyote hadi shingoni. Mama mmoja aliyejitanda kanga mbili anasimama mbele yake na kunyoosha kidole kwenye ndoo kubwa kuliko zote zilizoning'inizwa.

"Ile bei gani, fundi?"

"Utaweka nini humo?" anauliza Felisian bila kuacha kupiga.

"Mimi nimeuliza bei."

"Nami nauliza utaweka nini."

Mama anacheka kidogo, anadhani ni utani. "Kimpumu. Tuna ubatizo Jumapili."

Felisian anaweka nyundo chini. "Basi hiyo sikuuzii, mama. Pombe ina uchachu, na uchachu unakula ile ngozi nyeupe ya bati. Wageni wako watainywa hiyo ngozi, watatapika, kisha watasema umewawekea sumu. Vuka barabara, kwa Azizi kuna ndoo za plastiki."

Mama anasonya, anavuka barabara. Fundi anaokota nyundo yake. Mteja wa kwanza wa siku amekwenda, na hakuna dalili kwamba jambo hilo linamsumbua.

Majirani wanasema hakuwa hivi zamani. Felisian, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, alikuwa akimuuzia kila mtu kila kitu. Katika mwezi mzuri hubakiwa na kama shilingi elfu thelathini na tano baada ya kununua bati na mkaa, fedha ambayo haimruhusu mtu kufukuza wateja. Swali lake la "utaweka nini" lilianza mwaka jana, baada ya kisa kilichomgombanisha na watu wawili kwa mpigo na kumwacha mke wake akipika bila paa.

Ufundi aliupata katika karakana ya chama cha ushirika. Karakana ilipofungwa mwaka 1986, mafundi waliambiwa kila mmoja aondoke na vifaa alivyokuwa akitumia. Yeye aliondoka na mkasi wa bati, nyundo mbili na chuma cha kulehemea. Babu yake mzaa baba alikuwa miongoni mwa Wafipa wa mwisho waliojua kuyeyusha chuma kwenye tanuru za udongo, na jambo hilo Felisian alikuwa akilitaja kwa wateja mara kwa mara.

"Nilidhani chuma kimo kwenye damu yangu," anasema. "Siku hizi silitaji sana."

Kisa chenyewe kilianza Novemba 1993, mvua za kwanza zilipokaribia. Mfugaji Shigela Mboje alipanda lori kutoka Kaoze, chini kabisa katika bonde la Ziwa Rukwa, akapandisha mteremko wa Lyamba lya Mfipa hadi mjini. Familia yake ilihamia bondeni kutoka Shinyanga ikiwa na ng'ombe wake, na sasa inafuga na kulima mpunga. Maksai wake walikuwa wameanza kuchechemea. Kwato zilikuwa zinaoza katikati, zinanuka.

Miaka ya nyuma angemwita bwana mifugo, dawa ingeletwa. Lakini josho la serikali lilikuwa limekauka na kuota majani, na dawa zilikuwa zimehamia madukani. Bwana mifugo mstaafu ndiye aliyempa ushauri: nunua mrututu, ile chumvi ya bluu, uuyeyushe kwenye maji, upitishe ng'ombe humo mmoja mmoja mpaka kwato zilowe.

Mrututu aliupata dukani kwa Azizi Uledi. Ukoo wa Azizi una duka na malori mawili, na tangu biashara ilipofunguliwa ndio wanaoleta sehemu kubwa ya mabati yanayouzwa mtaani hapo. Kwa Azizi huyohuyo Felisian alinunua bati la kumtengenezea Shigela mabirika matatu ya kupitishia ng'ombe, marefu na ya kina kifupi, ya kutandikwa ndani ya shimo juu ya mbao.

Kazi ilikuwa safi. Shigela mwenyewe anakiri. "Yalikuwa yanang'aa. Nilijiona mwananchi wa maana," anasema.

Bondeni, siku ya kwanza maji yalikuwa bluu kama anga. Baada ya siku chache bluu ilianza kufifia. Chini ya birika kukawa na matope mekundu ambayo hakuna aliyeyaleta. Wiki ya pili yakatokea matundu madogo kama ya sindano, halafu makubwa. Dawa yote ikanywewa na ardhi, na maksai wakaendelea kuchechemea huku majirani wakitoka na plau zao kwenda mashambani.

Shigela alipakia birika moja kwenye lori na kulipandisha mjini. Felisian anakumbuka mlio wake lilipotupwa mbele ya kibanda.

"Fundi, tazama kazi yako."

"Umelifanya nini?"

"Nimelifanya nini? Nimetia dawa! Mvua inanyesha, wenzangu wanalima, mimi nimekaa na maksai wanaotembea kama wazee. Wewe umekaa hapa unapiga bati."

Felisian aliinua birika juu, akaona mwanga ukipita kila mahali. Ile rangi nyeupe ya bati ilikuwa imetoweka. Lililobaki lilikuwa jekundu na jeusi, na mahali pengine lilivunjika kwa kidole.

Akatafuta wa kumlaumu. Ilikuwa siku ya gulio, barabara imejaa watu. Alivuka hadi dukani kwa Azizi na lile birika mkononi, akaliinua mbele ya wateja.

"Huyu anauza bati la karatasi!" alipaza sauti. "Msinunue hapa! Tazameni!"

Azizi, mtu mrefu asiyependa kelele, alitoka nje ya kaunta. "Bati langu limeezeka nusu ya mji huu, Felisian. Halijatoboka hata moja. Labda ni risasi yako ya kulehemea. Labda ng'ombe wamelikanyaga."

"Kwato gani inatoboa matundu ya sindano?"

"Basi sijui. Lakini usiniite mwizi."

Neno lilikuwa limekwisha kutoka. Wiki ile watu wawili walirudisha mabati waliyokwisha kununua, na wengine wakaenda kununua kwingine. Miaka ile mji ulikuwa umejaa bidhaa ngeni, nyingine zikivunjika siku ya kwanza, na watu hawakuhitaji kushawishiwa sana. Felisian na Azizi, waliofanya kazi wakitazamana kwa miaka saba, wakaacha kusalimiana.

Felisian alimwahidi Shigela birika jipya, na safari hii alitaka bati asilolitilia shaka. Bati la namna hiyo alikuwa nalo sehemu moja tu: juu ya jiko lake, alipoliezeka mwaka 1978. Lilikuwa zito, na kwa miaka kumi na mitano ya mvua na moshi lilikuwa halijapata hata tundu.

Mke wake, Coleta, alimkuta juu ya ngazi akichomoa misumari.

"Baba Jenifer, unafanya nini huko?"

"Nachukua bati mbili tu."

"Mvua hii? Unataka nipikie wapi?"

"Siku chache, mama Jenifer. Nikishamaliza nitarudisha."

Aliyanyoosha yale mabati kwa nyundo ya mbao hadi migongo ikapotea, akatengeneza birika. Kabla ya kulipeleka bondeni aliamua kulijaribu uani. Alilijaza maji, akatia mrututu kwa kipimo kilekile cha Shigela. Hapakuwa na ng'ombe wala kwato. Alilifunika kwa mbao na kungoja, akiwa na uhakika kwamba birika hilo likisalimika, Azizi atakuwa hana pa kujificha.

Coleta ndiye aliyeona wa kwanza. Alikuwa akipika chini ya turubai lililofungwa kwenye nguzo, akaona mchirizi wa bluu ukipita karibu na mafiga.

"Baba Jenifer," aliita, "birika lako linakojoa."

Felisian alimwaga maji yaliyobaki. Chini palikuwa na matope mekundu yaleyale. Bati la mwaka 1978 lilikuwa limeliwa sawasawa na bati la Azizi.

"Nilikaa pale kwenye kizingiti," anasema. "Mvua inaninyeshea, sikuondoka. Nilikuwa nimemwita mwenzangu mwizi mbele ya gulio zima, na kumbe bati lake halina kosa. Nilijisikia kama nimevuliwa nguo."

Siku mbili alipita nyuma ya nyumba kwenda kazini ili asionane na Azizi. Siku ya tatu Coleta alimwambia kwamba yeye anaweza kuendelea kupika chini ya turubai, lakini hawezi kuendelea kufuata chumvi duka la mbali kwa sababu ya ugomvi usiokuwa wake. Felisian akavuka barabara.

Azizi alimsikiliza, kisha akasema, "Ulinisema mbele ya watu siku ya gulio. Njoo siku ya gulio."

Akaja. Alisimama palepale aliposimama mara ya kwanza, akasema kwa sauti kwamba amejaribu bati lake mwenyewe na limetoboka vilevile, na kwamba bati la Azizi ni zima na yeye ndiye aliyekosea. Watu wengine walicheka. Azizi alimsikiliza hadi mwisho, halafu akaendelea kumpimia mteja misumari.

Leo, alipoulizwa na mwandishi wa makala haya, Azizi anatabasamu. "Nilimsamehe siku ileile. Ila sikutaka ajue haraka."

Ni Azizi aliyemwonyesha njia. Jioni ya siku ile ya gulio alikwenda kibandani, akamwambia: "Binti yangu Naima anasoma sekondari. Anasema mwalimu wao huchovya misumari kwenye mrututu, ikatoka imegeuka rangi. Mrututu wenyewe wananunua kwangu. Nenda kamwone."

Mwalimu Hellena anafundisha kemia katika shule moja ya wazazi iliyofunguliwa mjini miaka ya karibuni. Maabara yake ni darasa lenye meza mbili na kabati moja. Felisian alifika na kipande cha birika na kopo lenye matope mekundu.

"Shikamoo, mzee," mwalimu alimsalimu, akachukua kopo. Alichota matope kwa kijiko, akayaosha na kuyasugua juu ya kigae. Yakang'aa. "Hii ni shaba."

"Shaba? Mimi sikuweka shaba, mwalimu."

"Ulikuwa nayo tangu mwanzo. Mrututu ndio shaba. Ile bluu unayoiona ni shaba iliyoyeyuka, vipande vidogo kuliko unavyoweza kufikiria, kila kimoja kimepungukiwa chaji yake. Tunaviita ioni. Ioni ya shaba inatafuta wa kuipa kile ilichopungukiwa ili irudi kuwa shaba kamili. Ile ngozi nyeupe ya bati ni zinki, na zinki ni mpaji. Inatoa upesi, halafu yenyewe ndiyo inayoyeyuka na kwenda na maji. Zinki ikiisha, zamu ya chuma."

Felisian alikigeuzageuza kile kipande cha birika mkononi. Alijua kwamba zinki huliwa na tindikali, maana mwenyewe huchemsha maganda ya betri kavu kwenye tindikali ili kupata maji ya kulehemea. Lakini mrututu ulikuwa dawa, na dawa hakuwahi kuifikiria kama kitu kinachokula.

"Kwa hiyo nitafute metali isiyotoa," alisema.

"Tuzilinganishe. Kesho niletee vipande, mimi nina chumvi."

Kesho yake Felisian alikuja na mfuko: maganda ya betri, ambayo ni zinki, misumari, waya wa shaba, risasi na vipande vya sufuria ya alumini. Mwalimu alipanga chupa za jamu mezani. Moja ilikuwa na mrututu, ya pili na chumvi ya chuma ya kijani, ya tatu na chumvi ya zinki isiyo na rangi. Wanafunzi wa kidato cha tatu, Naima akiwa miongoni mwao, walizunguka meza.

Msumari uliochovywa kwenye mrututu ulivaa wekundu kabla mwalimu hajamaliza sentensi. Zinki iligeuka nyeusi hapohapo, kisha ikaanza kumomonyoka. Risasi ilichafuka polepole. Waya wa shaba ulikaa vilevile.

Kwenye chumvi ya chuma, zinki ilianza kubadilika, ila kwa uvivu. Shaba haikufanya lolote. Kwenye chumvi ya zinki, chuma, risasi na shaba vyote vilikaa kimya.

"Mnaona?" mwalimu aliwaambia wanafunzi. "Ioni za shaba zinanyang'anya upesi kwa zinki na kwa chuma, na polepole hata kwa risasi. Ioni za chuma zinanyang'anya kwa zinki. Ioni za zinki hapa hazimnyang'anyi mtu. Ndiyo maana kuna mpangilio, na mpangilio huo hauangalii bei ya bati wala nchi lilikotoka."

Felisian hakuwa akimsikiliza. Alikuwa akitazama kipande cha alumini kwenye mrututu. Hakikuwa na doa.

"Mwalimu, hii hapa. Hii haitoi. Nitatengeneza birika la alumini."

Mwalimu Hellena alitikisa kichwa. "Hiyo inatoa kuliko hata zinki. Ila ina ngozi nyembamba ngumu inayoizuia. Huko Kaoze ng'ombe wanatoka kunywa wapi?"

"Pembeni ya ziwa."

"Maji ya chumvi. Na matope yake yanakuja na kwato." Alichukua chumvi ya mezani kidogo kwa vidole, akaidondosha kwenye chupa.

Haikupita muda mrefu. Alumini ilianza kutoa mapovu, chupa ikapata moto, maji yakajaa wekundu. Wasichana walirudi nyuma wakicheka kwa woga. Mwalimu alipokitoa kipande kwa koleo, kilikuwa kimebaki kama jani lililoliwa na viwavi.

"Hapo ndipo nilipokubali," anasema Felisian. "Nilikuwa nimekwisha kulitengeneza kichwani lile birika la alumini. Ningelipeleka, Shigela angenitupia tena."

Shaba peke yake ndiyo iliyosalimika, na birika la shaba tupu hakuna mfugaji Kaoze ambaye angelimudu, wala Felisian hakujua pa kuipata. Mwalimu alimwambia aachane na metali kabisa, atumie mbao.

Kwa fundi bati, hiyo haikuwa habari njema. Alikwenda kwa seremala jirani, akaomba amfundishe kuunga mbao kwa vigingi bila misumari, akaziba viungo kwa lami. Birika lilikuwa zito na baya kwa macho. Azizi alilipakia kwenye lori lake linaloteremka bondeni, na Felisian akapanda juu yake.

Shigela hakumpokea kwa furaha. Maksai mmoja alikuwa amekwisha kuchinjwa, na nusu ya shamba lilikuwa halijalimwa.

"Sasa umeniletea mtumbwi?" aliuliza.

"Tia dawa, ndugu yangu. Nitakaa hapa mpaka uone."

Alikaa. Alichimba shimo, akalala kwenye ghala la mpunga, akasaidia kupitisha ng'ombe asubuhi na jioni. Bluu haikufifia isipokuwa kwa matope ya miguu. Kabla ya mwezi kuisha, maksai wawili walirudi kwenye plau. Shamba la Shigela halikulimwa lote mwaka ule, na mavuno yalikuwa kidogo. Hilo halikurekebishika.

"Sikumsahau kwa ubaya," anasema Shigela, aliyekutwa mjini alikokuja kununua mrututu. "Lakini sikumsahau. Njaa ile tuliila wote nyumbani."

Tangu hapo Felisian ametengeneza mabirika ya mbao kumi na moja, kwa wafugaji wa Kaoze na vijiji vya jirani. Jiko la Coleta liliezekwa tena, kwa bati kutoka kwa Azizi. Bado sehemu kubwa ya kazi yake ni bati: karai, ndoo, majiko ya mkaa. Ila hakiondoki kibandani chombo bila swali lake.

Sasa anafikiria jambo jingine. Mwaka huu kondoo wanne wa jirani yake Shigela walikufa baada ya kunywa maji ya mrututu yaliyochakaa, ambayo wafugaji huyamwaga popote wakishamaliza. Kondoo havumilii shaba, na maji yale huteremka hadi kwenye vijito.

Felisian alirudi kwa Mwalimu Hellena kuuliza. Mwalimu alimwambia kwamba ulaji uleule unaweza kutumika makusudi: kwenye pipa la mbao lenye maji machafu ya mrututu vitiwe vipande vya chuma chakavu, vikorogwe, vingojewe. Ioni za shaba zitakula chuma na kutua chini kama matope mekundu, na maji yatageuka kijani hafifu. Alimwonya kwamba hata hapo maji hayo si ya kunywa mtu wala mnyama, yamwagwe mbali kwenye shimo. Lakini shaba nyingi itakuwa imebaki ndani ya pipa.

Wafugaji wa Kaoze walipoelezwa walicheka. Fundi aliyewatobolea mabirika sasa anataka watie chuma kwenye dawa kwa kusudi.

Wiki ijayo Felisian atateremka tena na lori la Azizi, akiwa na pipa la mbao na gunia la misumari iliyopinda. Hajui kama watu watakuja. Shigela amemwahidi kuja, na ameahidi kuja na jirani mwenye kondoo.

"Sitawaeleza sana," anasema, akinyanyua karai lililokwisha na kulitazama kwa mwanga kama lina tundu. "Watie chuma wenyewe, wakae, watazame bluu ikiondoka. Mimi pia niliambiwa mapema kwamba bati si bovu. Sikuamini mpaka nilipoliona likivuja uani kwangu."